Walipokuja kuitazama ploti ya Mama

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni aliyebisha lango la ploti yetu kule Dandora asubuhi moja ya Februari 2024 nusura atuache sote watatu tukiwa wagonjwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye viatu vilivyong'ara ambavyo alivipitisha kwa uangalifu mkubwa kati ya vidimbwi vya maji ya sabuni. Nyuma yake alikuja fundi aliyebeba utepe wa kupimia, na nyuma ya fundi dalali aliyekuwa akizungumza bila kupumua. Hakuingia katika chumba hata kimoja. Alisimama katikati ya ua, akatazama juu, akatazama chini, kisha akamwuliza fundi: "Bomba la majitaka linapitia wapi?"

Mamangu aliaga dunia mwaka wa 2022. Mwaka uliofuata mahakama ilituthibitishia mirathi, nasi watoto wake watatu tukajipata wenye ploti bila hata mmoja wetu kujua vizuri kazi ya mwenye ploti. Kuna kakangu mkubwa, ambaye ni mhasibu na hupenda kila jambo liwe kwenye karatasi. Kuna mimi. Kisha kuna kitinda mimba wetu, ambaye kazi yake ya kiwandani iliisha wakati wa janga la corona mwaka wa 2020, na tangu hapo akawa anaishi katika chumba nambari moja bila kulipa kodi. Mama ndiye aliyempa chumba hicho. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulizungumzia jambo hilo waziwazi, lakini kila tulipotaja neno "kuuza" sote tulimtazama yeye, naye akatazama sakafu.

Msomaji asiyeijua Dandora huenda akaifahamu kwa jaa lake la taka tu. Lakini mtaa huo ulianza kwa matumaini makubwa. Mwaka wa 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya pesa, na Baraza la Jiji la Nairobi likapima ploti kama 6,000 kwa ajili ya watu wa mapato ya chini. Hawakujengewa nyumba. Kila aliyebahatika alipewa kipande cha ardhi chenye choo, bafu na bomba la maji, kisha akaachiwa ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake, na kuruhusiwa kupangisha baadhi yake ili alipe deni. Mama alipata ploti yake mwaka wa 1979. Alianza na vyumba viwili: kimoja chetu sote, kingine cha mpangaji. Nilipomaliza shule ya msingi vilikuwa vimefika sita. Alipofariki vilikuwa kumi, pamoja na duka linalotazama barabara. Karo yetu yote ilitoka humo. Kakangu mhasibu alisomeshwa na vyumba nambari tatu hadi tano, na nilimkumbusha hivyo siku ambayo hatukuelewana.

Yule mgeni wa viatu vinavyong'ara alitupa ofa ya Sh6 milioni. Nilimwuliza, kwa ujinga wangu, ni kitu gani kilichompendeza. Akajibu bila kuficha. Ploti iko kando ya barabara ambayo lori la mawe linaweza kuingia na kugeuka. Bomba la majitaka lipo, kwa hivyo hatachimba shimo. Nguzo ya umeme ipo karibu. Steji ya matatu ni mwendo wa dakika nne. Na ploti yenyewe ina karatasi za kueleweka. "Vyumba hivi si kitu, mama," aliniambia. "Hivi ni vya kubomoa. Mimi ninanunua udongo." Alikuwa na mpango wa kupandisha jengo la ghorofa saba.

Nilinyamaza, lakini akili yangu ilikimbia hadi Huruma, ng'ambo tu ya hapo kwetu, ambako usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40. Sisemi kwamba mgeni wetu alikuwa na nia mbaya. Huenda angeajiri wahandisi na kufuata sheria yote. Lakini mimi mwenyewe nimeishi katika majengo ya namna hiyo. Nilipotoka kwa Mama, chumba changu cha kwanza kilikuwa Pipeline kule Embakasi, ghorofa ya tano, dirisha likitazama ukuta wa jirani ambao ningeweza kuugusa kwa mkono. Niliwasha taa saa sita mchana ili nichambue mchele. Nguo zilikauka kwa siku mbili, zikanuka uvundo. Maji yalipanda ghorofani mara mbili kwa wiki, na siku nyingine nilibeba mtungi wa lita 20 ngazini huku nikilaani siku niliyolipa diposti. Mwenye jengo hilo hatukumjua hata kwa sura. Kwa macho ya mwekezaji lilikuwa jengo zuri ajabu, kwani vyumba zaidi ya mia moja vilijaa kila mwezi. Lakini vilijaa kama basi linavyojaa, watu wakishuka na wengine wakipanda. Mimi nilishuka baada ya miezi minane.

Siku mbili baadaye kakangu alituita kwake na kutandika karatasi mezani. Nitazieleza hesabu zake kwa sababu ziliniumiza, na kwa sababu familia nyingi zenye ploti hazijawahi kuzifanya.

Vyumba kumi kwa Sh4,000 kila kimoja ni Sh40,000 kwa mwezi. Duka ni Sh8,000. Jumla Sh48,000, yaani Sh576,000 kwa mwaka. (Chumba cha kitinda mimba alikihesabu kana kwamba kinalipiwa, nasi tukaliacha hilo lipite.) Vyumba viwili vikikaa wazi miezi mitatu kila kimoja, Sh24,000 zimepotea, zinabaki Sh552,000. Ushuru wa kodi ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 badala ya 10, hutozwa kwa pato lote bila kuondoa gharama: Sh41,400. Maji, usafi na mlinzi wa usiku, Sh10,000 kila mwezi: Sh120,000. Ukarabati wa mabati, vyoo na kufuli, Sh60,000. Kinachobaki ni Sh330,600. Mgao wa kila mmoja wetu ni Sh110,200 kwa mwaka mzima, bila kugusa deni la reti tulilokuwa nalo kwa serikali ya kaunti.

Kisha akageuza karatasi. Mwezi huo huo wa Februari, serikali ilikuwa imeuza dhamana ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyotozwa ushuru. Sh6 milioni zikigawanywa mara tatu ni Sh2 milioni kwa kila mtu, na kwa riba kama hiyo mtu angepata zaidi ya Sh369,000 kila mwaka akiwa ameketi tu. "Hakuna choo cha kuzibua," kakangu alisema. "Hakuna mpangaji atakayehama usiku na deni la miezi mitatu. Niambieni, ni nini kinachotufunga na matope haya?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, hadi leo sijapata mtu wa kuzipinga hesabu zile kwa kalamu. Niliweza tu kumwonyesha mambo ambayo hakuyaandika. Tukiuza, kuna ushuru wa faida ya mauzo, ambao tangu Januari 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Kuna deni la reti ambalo lazima lilipwe kwanza, kwani bila cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi reti, uhamisho wa ardhi haupiti. Kuna wakili. Na dhamana ikiiva unarudishiwa Sh2 milioni zile zile ulizoweka, wakati bei ya unga, karo na mbao imekwisha kupanda. Ardhi nayo hupanda, ingawa haipandi kila mahali wala kila mwaka, na anayekuapia vinginevyo ana ploti ya kukuuzia.

Mnunuzi wa pili alikuja mwezi wa Machi, au tuseme walikuja wawili, bwana na bibi. Mume ni dereva na mke ni muuguzi, wana watoto watatu na walikuwa wamechoka kulipa kodi Kariobangi. Hawa walitazama vitu vingine kabisa. Mke aliingia katika kila chumba kilichokuwa wazi, akagonga kuta kwa kidole, akafungua bomba, akanusa. Mume aliuliza ni nani jirani wa kushoto na ni nani wa kulia. Waliuliza shule iko wapi, na kama mtoto anaweza kufika bila kuvuka barabara kubwa. Walijadiliana ni ukuta upi ungevunjwa ili vyumba vinne viwe nyumba moja, na sita vilivyobaki viendelee kupangishwa. Kwa muda wa saa nzima niliiona ploti ya Mama ikigeuka kuwa makao, na nikajikuta nikiwaombea.

Mambo mawili yaliwaangusha. Kwanza, upepo uligeuka. Wakazi wa Dandora wanaelewa ninachosema. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 na taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 waliopimwa katika eneo hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi. Yule muuguzi aliifahamu ripoti hiyo. Moshi ulipofika uani alimtazama mumewe, naye mumewe akatazama saa. Mwekezaji wa viatu alikuwa ameunusa moshi huo huo wala haukumshughulisha, kwa kuwa yeye hatalala hapo.

Pili, ni pesa. Akiba yao na mkopo wa chama cha ushirika haukufika hata Sh3 milioni. Niliwauliza kuhusu rehani ya benki, wakacheka kwa adabu. Kwa takwimu za Benki Kuu, rehani zote za nyumba nchini mwishoni mwa 2023 zilikuwa kama 30,000 tu, katika nchi yenye mamilioni ya wafanyakazi. Dereva wa mshahara mdogo hawezi kuwa mmoja wao. Waliondoka, na baadaye nilisikia wamenunua kipande cha ardhi upande wa Barabara ya Kangundo, mbali na kazi zao, mahali ambapo hewa ni safi lakini nauli ni kilio.

Nilipokuwa nikiwasindikiza hadi lango, Mwalimu alikuwa ameketi nje ya mlango wake akisoma gazeti. Mwalimu ni mpangaji wa chumba nambari nne. Alistaafu ualimu zamani na alikuwa amekaa nasi miaka 17. Alikuwa ameona wageni wote waliokuja, na utepe wa fundi alikuwa ameuona pia. Hakuuliza lolote. Mimi ndiye niliyeketi kwenye kigoda chake na kumwuliza kwa nini hakuhama miaka hiyo yote, na vyumba vingine vya mtaa ule ni vya bei ile ile, vingine hata nafuu.

"Maji, binti yangu," alisema. "Na mama yako hakuwahi kunipigia kelele mbele ya watoto wangu."

Kuhusu maji, nilielewa mara moja. Wakati wa ukame wa mwaka wa 2000, maji ya bomba yalipokuwa haba jijini, Mama alichukua pesa za chama na kununua tangi, akalipandisha juu ya jukwaa la vyuma nyuma ya choo. Majirani walimcheka kwamba amezika pesa hewani. Ukame ulipozidi, wapangaji wa ploti nyingine walikuwa wakinunua maji ya mkokoteni, na wetu walikuwa wakifungua bomba. Tangu hapo chumba chetu kikiachwa asubuhi, jioni kina mtu. Nairobi bado hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, na jiji limekua kupita kiasi cha maji hayo, kwa hivyo mgao umekuwa desturi. Kijana anayetafuta chumba leo huenda asiulize ukubwa wake, lakini atauliza maji huja siku gani.

Hilo la pili lilinichukua muda. Mama alikuwa na hesabu zake, ingawa kakangu hakuziona kwenye karatasi yoyote. Nakumbuka mwaka mmoja jirani alipandisha kodi kutoka Sh2,000 hadi Sh2,200 na kumshawishi naye apandishe. Mama alikataa. Alinieleza akiwa anaosha vyombo: chumba kikikaa wazi miezi miwili nimepoteza Sh4,000, na nyongeza ya Sh200 itanichukua miezi 20 kuzirudisha. Mtu wa kulipa tarehe tano kila mwezi, alisema, hata akichelewa Januari kwa sababu ya karo, ni mali. Balbu ya ua ikiungua, aliweka nyingine siku hiyo hiyo. Aliyechelewesha kodi alimwita kando, ndani ya duka, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Wapo wenye ploti wanaong'oa mlango wa mpangaji ama kukata umeme wake. Mama aliwaita watu hao wavivu wa kuzungumza.

Basi siku tuliyokutana kwa uamuzi, mwezi wa Aprili, sikwenda na mapenzi ya marehemu peke yake. Nilikwenda na daftari la Mama la kodi. Katika miaka yake kumi ya mwisho, vyumba viwili kuwa wazi miezi mitatu ni jambo lililotokea mara moja tu. Tangu sisi tuchukue ploti, lilikuwa limetokea mara mbili katika mwaka mmoja. Tangi lilikuwa limepasuka na hakuna aliyeliziba. Choo cha pili kilikuwa kimefungwa kwa waya. Kakangu alilisoma daftari lile kwa muda mrefu, akilifungua nyuma na mbele, kisha akauliza swali la mhasibu: tangi jipya ni pesa ngapi?

Hatukuuza. Sisemi tulifanya vyema, kwa kuwa zile Sh369,000 huniijia usiku mara kwa mara, hasa karo za watoto zinapofika. Tulikubaliana miaka mitatu. Tulikopa kwenye chama changu cha akiba, tukalipa reti kwa awamu, tukanunua tangi, tukazibua choo na kuweka mita ya umeme ya tokeni kwa kila chumba ili watu waache kugombana kuhusu nani ana pasi ya umeme. Kitinda mimba wetu ndiye msimamizi wa ploti sasa. Tulimwandikia mshahara, kisha tukamkata kodi ya chumba nambari moja kama mpangaji mwingine yeyote. Alitia sahihi bila kusema neno, lakini wiki iliyofuata alipaka rangi lango bila kuagizwa.

Mimi mwenyewe bado ni mpangaji, katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Tassia, na kila mwanzo wa mwezi ninatuma kodi kwa mtu mmoja na kupokea kodi kutoka kwa watu wengine tisa. Mpangaji wangu akiniambia paa linavuja, siwezi kumjibu kama ninavyojibiwa mimi.

Mwalimu alihama Desemba. Bintiye alimjengea nyumba huko kwao Busia, na siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo ukiwa umefungwa kwa uzi mwekundu, ule ule aliopewa na Mama. Jumamosi iliyofuata alikuja mama mmoja na bintiye aliyekuwa ameitwa chuoni mjini. Kitinda mimba aliwafungulia nambari nne na kuanza kusifia rangi mpya ukutani. Yule mama hakuitazama rangi. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akalifungua, akaacha maji yatiririke juu ya kiganja chake kwa muda, kisha akanigeukia na kuuliza lango hufungwa saa ngapi usiku, na ni nani anayekaa chumba cha jirani.